Baiskeli kama Kazi: Mwongozo kwa Kijana wa Kigoma

Ukiishi Mwanga, Gungu, Ujiji au Mwandiga na unataka kuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa, anza kwa kuitazama ramani upya. Vijana wa Kigoma wanaotafuta maisha kwenye michezo huelekeza macho mashariki, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kwa mpira wa miguu wana sababu. Kwa baiskeli, tazama kaskazini. Ukipita Manyovu uko Burundi. Ukipita Kasulu, Kibondo na Nyakanazi unafika Rusumo, na ng'ambo ya daraja ni Rwanda, nchi iliyopokea mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Kigali iko karibu nawe kuliko Dar es Salaam, na Mtanzania haombi viza kuingia.

Nakueleza haya mapema kwa sababu ukweli mwingine ni mgumu: hakuna Mtanzania aliyewahi kushiriki Tour de France. Huna kaka wa mtaani aliyepita njia hiyo ukamfuate nyuma. Utajifunza kwa majirani, na majirani wanayo mengi ya kutufundisha.

Mwaka 2007 Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France (ilikuwa 1981), alianza kuinoa timu ya Rwanda. Baadhi ya vijana aliowapata walikuwa wakipata riziki kwa baiskeli. Gasore Hategeka alikuwa akibeba viazi kwa baiskeli kwenye milima ya kaskazini magharibi kabla ya kuingia timu ya taifa. Mwaka 2009 Tour du Rwanda iliingia kwenye kalenda ya Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti wa Rwamagana alishindana kwenye Olimpiki ya London. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kuitwaa Tour du Rwanda tangu iwe ya kimataifa, na akarudia mwaka 2016. Hesabu mwenyewe: kutoka kocha kuwasili hadi ushindi huo wa 2014 ni miaka saba. Vilima vilikuwepo siku zote na watu wenye miguu walikuwepo. Kilichoongezeka ni kocha, baiskeli zinazofaa, na mashindano ya nyumbani kila mwaka. Kigoma vilima tunavyo na miguu tunayo. Hayo mengine matatu ndiyo utakayoyatafuta, na mengi ya maelezo yafuatayo ni namna ya kuyatafuta.

Barabara ulizonazo

Kuna barabara mbili zitakazokulea. Ya kwanza ni ya Kidahwe hadi Uvinza, lami ndefu ya kujifunzia kukaa kwenye kiti saa tatu au nne bila kuvunja mwendo. Ya pili ni ya Mwandiga kwenda Manyovu, kama kilomita 60 za lami, na hiyo ndiyo hazina yako. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukiliacha nyuma ukapanda hadi kwenye mashamba ya kahawa ya Kalinzi, umepanda mamia ya mita kwa pumzi zako mwenyewe. Mashindano ya dunia ya wanaume kule Kigali yalikuwa ya kilomita 267.5, na jumla ya milima ya kupanda ilizidi mita 5,000. Tadej Pogačar alishinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Mpandaji mzuri hukosekana kila mahali duniani, kwa hiyo ukipaweza Kalinzi una kitu cha kuuza.

Chagua kipande kimoja cha mlima huo, kirefu cha kukuchukua dakika 15 hadi 25. Tia alama mahali pa kuanzia, labda kwenye kalavati, na pa kumalizia, labda kwenye nguzo ya barabarani. Mara moja kwa mwezi, ukiwa umepumzika siku mbili, panda kipande hicho kwa nguvu zako zote. Andika kwenye daftari tarehe, muda, uzito wako na hali ya upepo. Wenye fedha hutumia vifaa vya kupima nguvu vilivyofungwa kwenye kanyagio, lakini daftari la mwaka mzima la mlima uleule linamwambia kocha yeyote karibu kila anachotaka kujua. Akiona dakika 23 za Januari zimekuwa 19 Oktoba, hatakuuliza umesoma wapi.

Mazoezi mengine ya wiki yasiwe ya kujiua. Kosa la vijana wengi wenye ari ni kukimbiza kila siku. Siku mbili za juma ziwe ngumu kwelikweli, siku moja iwe ya safari ndefu, na zilizobaki uendeshe ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Siku moja usiguse baiskeli. Mwili hujijenga wakati wa kupumzika, na anayelala saa tano kwa usiku huku akifanya mazoezi kama mwenye kulala nane atachoka hadi ashindwe kujua tatizo ni nini.

Jua la Kigoma huchomoza takriban dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, kwa kuwa tuko magharibi kabisa huku tukitumia saa ileile. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza huku. Usiingie barabarani bila taa nyuma na kitu kinachong'aa mgongoni. Faida yake unaipata jioni: ukitoka shuleni au kazini saa kumi bado una mwanga wa kutosha kufika mbali na kurudi. Jioni upepo wa ziwani nao huwa umeamka, na kuendesha ukiukabili ni zoezi lisilolipiwa.

Mteremko wa kurudi kutoka Kalinzi ndio utakaokuua ukiudharau. Usikamate breki mfululizo. Ringi hupata moto, tairi hupasuka. Funga breki kwa nguvu kabla ya kona, ziachie ndani ya kona, na macho yatazame unakokwenda, si kwenye shimo unaloliogopa. Tarajia mbuzi, mtoto anayekimbilia mpira, na bodaboda inayotokea njia ya pembeni bila kutazama. Wenzetu wa Burundi wana desturi ya kushikilia malori kupanda milima ya kuelekea Bugarama, na wengine wamepoteza maisha hivyo. Usishike lori hata kama dereva anakufahamu. Kofia ngumu ivae tangu siku ya kwanza, hata unapokwenda sokoni.

Baiskeli yenyewe

Phoenix ya nyumbani inatosha kwa miezi ya mwanzo. Aliyewahi kubeba dumu mbili za mawese kutoka Mwandiga kwa Phoenix ana moyo na mapaja ambayo wengine hununua kwa ada ya jimu. Baadhi ya mashindano ya Kanda ya Ziwa, kule Mwanza na Shinyanga, hupokea baiskeli za kawaida, na ni mahali pazuri pa kuonekana. Lakini hatimaye utahitaji baiskeli ya mashindano yenye gia, na karibu hakika itakuwa mtumba.

Unapoikagua, anza chini, pale kanyagio zinapokutana na fremu. Futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, uipindue baiskeli, utazame maungio yote kwa tochi ya simu. Ufa huanzia hapo, mwembamba kama unywele, mara nyingi umefunikwa kwa rangi mpya. Kama fremu ni ya chuma, ufa unaweza kuchomelewa na fundi yeyote mwenye mkono mzuri. Kama ni ya alumini, wa kuichomelea vizuri ni wachache mno, na ya nyuzi za kaboni iliyopasuka usiipokee hata bure. Zungusha magurudumu uone kama ringi inayumba. Uliza pia tairi utazipata wapi, kwa kuwa tairi nyembamba za saizi 700 hazipo kila duka la Kigoma, na baiskeli isiyo na tairi ni pambo la ukutani. Ukipata mtu anayesafiri Dar es Salaam au Kigali, mwagize jozi mbili.

Urefu wa kiti watu wengi hukosea, na magoti hulipa. Kaa kwenye baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino juu ya kanyagio iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha mbele ya unyayo kwenye kanyagio, goti litapinda kidogo, na hicho ndicho kipimo. Goti likiuma mbele, kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, kiko juu mno.

Jifunze ufundi. Keti na fundi wako hapo Mwanga, msaidie kazi, muulize kila kitu, na umheshimu kama mwalimu. Mnyororo uoshe kwa mafuta ya taa na brashi kila wiki wakati wa kiangazi, ukaushe, kisha tia tone moja la oili nyepesi kwenye kila pingili na kufuta inayozidi. Oili chafu ya gari hukusanya vumbi jekundu na kula meno ya gia. Kubadilisha tyubu kukuchukue dakika tano hata gizani. Ufundi huo utakulisha siku miguu itakapogoma: kila timu duniani inaajiri mafundi.

Chakula, maji, malaria

Chakula chetu si kikwazo. Ugali wa muhogo, maharage ya Kasulu, migebuka, dagaa na ndizi vinamtosha mwendesha baiskeli. Cha kuangalia ni wakati wa kula. Mboga iliyojaa mawese ni nzuri usiku, lakini ukiila saa moja kabla ya kupanda mlima itakaa tumboni kama jiwe, kwa sababu mafuta huchelewa kusagika. Kabla ya mazoezi magumu kula wanga usio na mafuta mengi, saa mbili au tatu mapema.

Safari ikizidi saa mbili, mwili unahitaji karibu gramu 60 za wanga kila saa, na waendeshaji wakubwa hufika 90 na zaidi. Ndizi mbivu ya kawaida ina kama gramu 25. Kinywaji chako kitengeneze nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vikubwa vitano vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi ya Uvinza, na ndimu ukipenda. Chupa hiyo na ndizi moja kila saa vinakufikisha kwenye hesabu. Fanya hivyo kwenye mazoezi kwanza, tumbo lijifunze, usijaribu jipya siku ya mashindano.

Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Kwa mwanamichezo chandarua ni kifaa cha kazi sawa na pampu. Ukihisi miguu mizito na kichwa kinauma, pima kabla hujaenda barabarani, na ukikutwa nayo maliza dozi, kisha rudi taratibu kwa wiki moja au mbili.

Kuhusu dawa nyingine, sikiliza vizuri. Siku ukipata leseni ya UCI unaweza kupimwa, na sheria haijali kama ulikusudia. Tramadol, ambayo watu wengi huimeza kwa maumivu na uchovu, UCI iliipiga marufuku mashindanoni mwaka 2019, na tangu Januari 2024 imo kwenye orodha ya dunia ya dawa zilizokatazwa, kwa michezo yote. Baadhi ya vidonge vya mafua na dawa za kundi la prednisolone nazo zina vikwazo. Mwambie mfamasia na daktari kwamba wewe ni mwanamichezo, andika jina la kila dawa unayopewa, na mizizi au unga usiojulikana ndani yake kuna nini uache.

Tafuta kundi

Mtu anayefanya mazoezi peke yake anaweza kuwa na nguvu za farasi na akaachwa kilomita ya ishirini. Anayeendesha nyuma ya mwenzake kwa karibu anaokoa hata theluthi ya nguvu zake, na mbio zote za barabarani zimejengwa juu ya ukweli huo mmoja. Kwa hiyo tafuteni watu wanne au watano. Jifunzeni kufuatana gurudumu kwa gurudumu, nafasi ya nusu mita, bila kugusa breki kwa ghafla. Wa mbele aonyeshe shimo kwa mkono, apokelewe baada ya dakika moja, ashuke nyuma kwa utaratibu. Barabara ya Kidahwe inafaa kwa zoezi hili, alfajiri ya Jumapili kabla magari hayajawa mengi.

Wasichana wawemo tangu mwanzo, si kama wageni. Kim Le Court wa Mauritius alishinda mbio za Liège–Bastogne–Liège mwaka 2025 na mwaka huohuo akavaa jezi ya njano kwenye Tour de France ya wanawake. Diane Ingabire wa Rwanda alisajiliwa na timu ya Ulaya, Canyon-SRAM Generation, mwaka 2022. Kama wewe ni binti na nyumbani wana wasiwasi, mlete mama au shangazi aone mnavyofanya mazoezi na nani anawasimamia. Hofu yao mara nyingi ni barabara na watu wa barabarani, na ni hofu ya haki.

Mkishakuwa kundi, jiandikisheni. Nendeni kwa afisa michezo wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, mwelezeni nia yenu, na mwulizeni utaratibu wa kusajili klabu kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Leseni ya mashindano hutolewa kupitia Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA. Bila leseni, hata ukiwa na kasi ya upepo, huna jina kwenye orodha ya kuanza. Pamoja na hayo tengeneza cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa ukifika miaka 18, na pasipoti. Umri wako uandike kama ulivyo. UCI huhesabu vijana wa miaka 17 na 18 kama kundi moja, na wa 19 hadi 22 kama jingine. Anayejipunguzia miaka hugundulika nyaraka zinapolinganishwa, na hapo nafasi yote huungua.

Kisha panda basi. Nenda kaangalie Tour du Rwanda, inayofanyika mapema kila mwaka, usimame kwenye mlima uone kundi linavyopita. Nchini Kenya, David Kinjah amewalea waendesha baiskeli vijana kwa miaka mingi kule Kikuyu, na mmoja wao, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Niyonshuti naye alianzisha shule ya baiskeli Rwamagana. Andika barua fupi yenye adabu: jina, umri, uzito, muda wako wa mlima wa Kalinzi kwa mwaka mzima, matokeo ya mashindano, na namba ya simu ya kiongozi wa klabu. Usiombe msaada wa fedha kwenye barua ya kwanza. Omba kujaribiwa.

Kazi yenyewe ikoje

Ngazi ya juu ni ya timu 18 za daraja la kwanza la dunia. Mwajiriwa wa timu hizo hulipwa si chini ya euro 40,000 na ushee kwa mwaka, na kima cha anayeanza ni pungufu ya hapo. Chini yake kuna daraja la pili, na chini zaidi kuna timu za kibara, ambako UCI haijaweka kima cha chini cha mshahara, na wapo wanaoendesha kwa posho na chakula tu. Kijana anayeambiwa amepata timu Ulaya aulize kwanza ni daraja lipi.

Elewa pia utafanya nini. Kwenye Tour de France kila timu ina watu wanane, na saba kati yao mara nyingi wanamtumikia mmoja. Wanakata upepo, wanarudi kwenye gari kuchukua chupa nane na kuzitia ndani ya jezi, wanampa kiongozi gurudumu lao akipata pancha. Wengi huishi maisha mazuri kwa miaka kumi bila kushinda hata hatua moja. Ukiona kazi hiyo inakudhalilisha, mchezo huu haukufai. Ukiipenda, makocha watakugombania.

Biniam Girmay wa Asmara alipitia kituo cha UCI kule Aigle, Uswisi, akajiunga na timu ya Delko mwaka 2020 akiwa na miaka 19. Timu hiyo ikaishiwa fedha, na mwaka uliofuata akahamia Intermarché. Mwaka 2022 alishinda mbio za Gent–Wevelgem, na mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Hata mwenye kipaji cha namna hiyo aliwahi kukaa kwenye timu isiyolipa kwa wakati. Kwa hiyo mkataba ukifika, usiusome peke yako usiku kwenye simu. Uchapishe, upeleke kwa mwanasheria au mwalimu anayeielewa lugha iliyotumika, na nakala iache kwa mzee wako nyumbani. Tafuta mambo manne: mshahara ni kiasi gani na unaingia tarehe gani, nani analipa nauli ya kwenda na ya kurudi, nani anashika pasipoti yako (jibu sahihi ni wewe mwenyewe), na bima ya matibabu ni ya nani ukivunjika mguu Aprili na mkataba unaisha Oktoba. Lisiloandikwa, waombe waliandike, na kalamu isubiri hadi waliandike.